Chumba cha Vielelezo

Mama alikubali kuhama kwa urahisi mno, na hapo ndipo tulipopaswa kushtuka. Huyu ni mwanamke aliyebishana na mwenye mashine ya kusaga, na daktari wa mifugo, na mvua, na marehemu Baba kwa muda wote wa ndoa yao. Kaka alipomkalisha na kumweleza kwamba hawezi tena kuishi peke yake shambani, alisema tu sawa, kama mmeshaamua, kisha akaendelea kuchambua maharage. Kaka alinipigia simu akiwa njiani kurudi mjini, anajisifu. Aliniambia Mama ni mtu wa kuongeleshwa kwa hekima, tatizo ni kwamba sisi wengine hekima hatuna.

Sitaki kumsingizia Kaka. Sababu ilikuwepo. Mama alikuwa ameanguka jikoni. Ungo wake hutundikwa kwenye msumari uliopigwa na Baba, na Baba alikuwa mrefu, akaupiga kwa kimo chake mwenyewe, mtu ambaye hakuwahi kupepeta hata punje moja. Siku hiyo Mama alipanda kigoda, kigoda kikaenda kushoto, yeye akaenda kulia. Alikaa sakafuni asubuhi nzima mpaka jirani alipopita kuomba chumvi. Mfupa haukuvunjika. Jirani alimkuta pale pale chini anaokota na kuchambua maharage yaliyomwagika, na neno la kwanza aliloambiwa ni apite pembeni asiyakanyage.

Tulicheka wote isipokuwa Kaka. Yeye ni mzaliwa wa kwanza, na ukubwa ni jalala, kila taka ya familia hutupwa kwake. Tangu siku ile, simu ikiita alfajiri alikuwa anaruka kitandani kabla haijaita mara ya pili. Akaandaa chumba nyumbani kwake, chenye kitanda kipya, televisheni, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mama alipelekwa kukiona. Alikaa kitandani, akautazama ule ukuta kwa muda, akasema umepakwa rangi vizuri.

Ila alitoa sharti. Hawezi kuondoka akaacha nyumba chafu nyuma yake, kwa hiyo tuje sote watatu tuifanyie usafi, na stoo nayo itolewe vitu vyote. Lakini vitu vya baba yenu, akasema, visitoke bila hukumu. Kaka alikubali. Alidhani ni utani wa kuagana.

Baba alikuwa tarishi wa mahakama. Kazi yake ilikuwa kubeba mafaili, kujaza jagi la maji la hakimu, na kusimama mlangoni kuita majina ya watu kwa sauti mara tatu. Kwa sauti hiyo hiyo alituita kula. Usipoitika mara ya tatu, shauri la chakula chako lilisikilizwa bila wewe kuwepo, na aliyenufaika na uamuzi kwa kawaida alikuwa Kaka. Majirani walimwita Mheshimiwa, nusu kwa heshima, nusu kwa mzaha. Ile nusu ya mzaha Baba hakuwahi kuiona, au aliiona akaipuuza, maana mtu anayeshinda mahakamani anajua kuchagua ushahidi.

Basi kule kazini alikuwa wa kuita majina tu, lakini nyumbani alikuwa hakimu. Mahakama yake ilikaa Jumamosi baada ya chakula cha mchana, barazani. Alivaa koti la kazi hata jua likiwa la kupasua mawe. Rungu la hakimu hakuwa nalo, kwa hiyo alifungua kengele ya baiskeli yake, akaiweka mezani, akitaka kimya anaipiga. Mama alikuwa mwendesha mashtaka, na alikuwa mkali kuliko yeyote aliyewahi kulipwa kwa kazi hiyo. Sisi tulikuwa washtakiwa wa kudumu. Kitu chochote tulichovunja, kukata, kuchoma au kukitumia isivyopaswa kilikuwa kielelezo, na kila kielelezo kilifungwa uzi. Baba alikuwa na kopo la biskuti lenye madonge ya nyuzi za kufumia, nyekundu ya Kaka, ya buluu ya Dada, ya kijani yangu mimi kitindamimba. Kikishafungwa, kinaingia stoo kusubiri hukumu.

Hukumu haikuja. Mama alimaliza kusoma mashtaka, akakaa, akakunja mikono, na Baba akasafisha koo na kuahirisha kesi. Mara shahidi muhimu hajafika. Mara mahakama inahitaji kwenda kuona eneo la tukio, na eneo la tukio kwa sasa lina nyuki. Mara hakimu anajisikia mwili mzito. Mama alikuwa akimtupia methali, mchelea mwana kulia hulia yeye, na Baba akamjibu kwa upole kwamba methali si ushahidi. Kisha kengele, kriing, na sisi haoo, tumeshafika mtoni.

Watoto wa jirani walipovunja sahani walichapwa jioni ile ile, wakalia, yakaisha. Yetu hayakuisha. Kuna wakati niliwaonea wivu, kwa sababu mimi nimekua, nimeolewa, nimeachika, nimefungua saluni yangu ya kusuka nywele, na kesi ya pazia ya nilipokuwa darasa la kwanza bado iko mahakamani.

Siku ya usafi Kaka alifika na chaki. Yeye ni msimamizi wa ghala, na mtu akishasimamia ghala huona dunia nzima ni mizigo iliyopangwa vibaya. Alichora miduara mitatu uani, wa vitu vya kubaki, wa vitu vya kugawa, wa vitu vya kuchoma, na huo wa kuchoma aliuchora mkubwa kuliko yote. Dada, ambaye ni muuguzi, alikuja na glavu na barakoa, akatuonya tusiguse kitu kwa mikono mitupu, kisha akavua glavu kwa sababu zinamtoa jasho, akagusa kila kitu. Mimi nilijifunga kitambaa kichwani nikapewa fagio. Nilipouliza kwa nini fagio ni mimi, Dada alisema nimezoea kufagia nywele.

Mama yeye alikuwa tayari. Alikaa barazani kwenye kiti, amevaa gauni lake la kutokea na viatu, mkoba mapajani, sanduku la nguo limefungwa kando yake. Alikaa vile mtu anavyokaa anaposubiri kuitwa na daktari. Nilipoliona lile sanduku niliingia ndani haraka nikafagie mahali penye vumbi zaidi, ili macho yawe na sababu.

Tulianza na chumba tulicholala watoto. Ukutani, usawa wa vitanda, kuna madoa matatu ya mafuta ya nywele, pale tulipokuwa tunabandika vichwa kusikiliza Baba na Mama wakiongea upande wa pili. Dada alichukua sabuni na brashi akasugua lile doa lake. Halikutoka. Akasugua tena, halafu polepole, halafu akaacha akakaa kitandani. Kaka alikuja kutuhimiza, akasimama kando ya doa lake akaliona linamfika kiunoni. Aliuliza tulikuwa tunasikiliza nini siku zote zile. Dada alisema tulikuwa tunasubiri kusikia kama tutachapwa. Mimi nilikumbuka kwamba tuliyoyasikia hasa ni Mama akicheka, kitu ambacho mchana alikuwa akitunyima kabisa.

Dereva wa pikapu alifika kabla ya saa aliyopangiwa, jambo ambalo ukilihitaji huwa halitokei. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye tabia ya kukubali kila unachosema kwa kutikisa kichwa. Alimsalimia Mama shikamoo, akaomba maji, akauliza mzigo uko wapi. Kaka alimwambia asubiri kidogo, stoo ndiyo imebaki, ni kazi ya dakika chache. Akausukuma mlango wa stoo.

Mlango ulifunguka nusu ukagoma, maana nyuma yake kulikuwa na utoto wetu wote. Mitungi isiyo na midomo. Masufuria yenye matako yaliyotoboka. Mguu wa meza. Mwavuli uliobaki mifupa. Vyote vimefunikwa vumbi, na vyote vina uzi, mwekundu, wa buluu, wa kijani, mafundo yale yale ya Baba ya kukaza kwa meno. Nilisikia Dada anapumua ndani ya barakoa. Kaka alijikaza, akavuta gurudumu la baiskeli lililopinda, akalibeba kuelekea duara la kuchoma.

Mama alikohoa.

Kaka akasimama. Mama alimkumbusha kwamba hilo lina uzi. Kaka, kwa ile hekima yake, alitangaza kwamba kuanzia sasa washtakiwa wote wamesamehewa. Mama akasema hukumu ya jumla haipo, hata serikalini haipo, kila kesi isikilizwe kivyake kama walivyokubaliana. Tena aliongea kwa utaratibu, mkoba bado mapajani. Kaka aliangalia pikapu, akaangalia jua, akaangalia duara lake la kuchoma ambalo halina kitu. Akasema basi, haraka haraka tumalize.

Mama akainuka mwenyewe akafungua sanduku akatoa koti la Baba. Lilikuwa limekunjwa vizuri juu kabisa ya nguo zake, na ndani ya mfuko wake ilikuwemo kengele ya baiskeli. Nikajiuliza mtu anayehama anafungasha kengele ya baiskeli ya nini, lakini sikuuliza kwa sauti.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba gurudumu lina uzi mwekundu, na Kaka hawezi kuwa hakimu wa kesi yake. Ndipo dereva alipovalishwa koti. Halikufunga mbele, lakini alilivaa kwa heshima, akakaa, akaipiga kengele mara moja kujaribu, akaipenda, akaipiga tena.

Mama alisoma mashtaka bila kutazama popote. Kwamba mshtakiwa, akiwa mvivu wa kukanyaga pedali, aliifunga baiskeli ya babake kwa kamba nyuma ya ndama ili avutwe mpaka shule. Kwamba ndama alienda vizuri mpaka alipomwona mama yake ng'ambo ya mtaro. Kwamba ndama aliruka, baiskeli haikuruka. Kaka, mtu mzima mwenye kitambi na funguo za ghala kiunoni, alisimama juu ya mkeka mikono nyuma, na nawaambia aliinamisha kichwa. Dereva alifikiri sana. Aliuliza pale mtaroni nani alikuwa na haki ya kupita kwanza. Hakuna aliyejua. Basi akahukumu kwamba kwa uzoefu wake wa barabarani aliye mbele akikata kona ghafla ndiye mwenye kosa, kwa hiyo mwenye hatia ni ndama. Mama akasema hukumu hiyo ni ya hovyo na anataka ikumbukwe kwamba ameipinga.

Kaka alikata uzi mwekundu. Alisimama na gurudumu mkononi, uso umemlegea. Halafu badala ya kulipeleka kuchoma aliliegemeza ukutani, kwa muda tu, alisema.

Akavaa koti yeye. Likamkaa sawasawa mabegani, na hapo Mama akageuza uso akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Kielelezo kilichofuata kilikuwa nusu ya mwiko, uzi wa buluu. Dada alikuwa ameukata mwiko mkubwa wa Mama kwa msumeno, ili amfunge kuku aliyevunjika mguu. Ulikuwa mwiko pekee uliofika chini ya sufuria la wageni, na wageni walikuwa wako njiani. Lakini kuku yule alipona. Aliishi miaka, akitembea ko, ko, ko kwa mguu wa mwiko, na kila alipotaga alizunguka ua mzima kututangazia. Baba aliahirisha kesi ile kwa sababu kuku ni shahidi muhimu na amekataa kuzungumza. Dada alijitetea kwamba yule ndiye mgonjwa wake wa kwanza, na kwamba wodini hajawahi tena kupata mgonjwa mwenye shukrani kama yule. Kaka alimpa onyo. Nilimwona Dada anakata uzi, anafuta ule mwiko kwa upindo wa gauni, anausokomeza kwenye mkoba wake akidhani hatumwoni.

Mimi nilisimama kwa nusu ya pazia. Nilikuwa nimelikata mashada yote ya pembeni nikayasuka kuwa nywele za magunzi niliyochezea kama wanasesere, kwa sababu magunzi yangu yalikuwa na upara. Kaka aliuliza kama nimejirekebisha. Nilimjibu kwamba sasa hivi nalipwa kwa kosa lile lile. Dereva alicheka mpaka akashika kiti, na Mama alitamka kwamba mshtakiwa hana majuto, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Tuliendelea. Jua lilihama upande mmoja wa baraza likaenda mwingine. Kila kitu kilichotoka stoo kilileta kelele yake, huyu anasema haikuwa hivyo, yule anasema wewe ulikuwa mdogo unajua nini. Kaka alicheka kwa mara ya kwanza tangu Mama aanguke, kicheko cha kutoa machozi, akajifutia mkono wa koti la Baba. Duara la kubaki lilifurika mpaka vitu vikaanza kuukanyaga mstari wa chaki. Duara la kuchoma lilikuwa na mwavuli tu, na huo nao Dada alikuwa anautazama tazama.

Mwishoni stoo ikawa tupu. Nilifagia, na katika kona nikakuta kopo la biskuti. Nililileta barazani nikalifungua. Donge jekundu lilikuwa limebaki kidogo, la buluu limebaki nusu, la kijani limebaki kijiuzi, sitaki maoni. Na chini yake kulikuwa na donge la nne, la njano, bado lina karatasi yake ya dukani, halijaguswa.

Tuliulizana la nani. Mama alinyoosha mkono akalichukua.

"Hili lilikuwa langu," alisema. "Alilinunua siku moja na hayo mengine. Akaniambia na wewe ukikosa nitakufunga uzi. Nikamwambia jaribu."

Hakujaribu. Dereva alitikisa kichwa akasema mzee alikuwa na akili.

Kaka alikuwa ameshikilia kengele, anaizungusha mkononi. Akamuuliza Mama jambo ambalo hakuna kati yetu aliyewahi kuliuliza, kwa nini Baba hakuwa anahukumu. Sisi tulidhani alikuwa mzito tu, au anapenda kusikia kengele. Mama alivutavuta ile karatasi ya donge.

"Nilimuuliza kila Jumamosi," alisema. "Alikuwa anaona watu kule kazini, mwanangu. Yeye ndiye anawaita majina. Anamwita mtu, mtu anaingia, wakimhukumu anatokea mlango wa nyuma, hamwoni tena. Lakini kesi ikiahirishwa, mtu anatoka kwa mlango ule ule alioingilia, anamsalimia, anarudi kulala kwake. Akasema watoto wake wote watalala kwao."

Hata dereva aliacha kutikisa kichwa. Nilimkumbuka Baba amesimama na koti lake kwenye jua lile, Mama anamtupia methali, na yeye anatafuta sababu nyingine ya nyuki. Nilimpenda wakati ule, na nikamkasirikia kidogo kwa kufa kabla sijaelewa.

Kaka aliweka kengele mezani. Alisafisha koo, akasema basi kazi imekwisha, nyumba safi, stoo tupu, tupakie mzigo. Hakuna aliyeinuka. Ndipo Mama alipokata ile karatasi kwa meno, akavuta uzi wa njano, akalifunga sanduku lake la nguo kwenye mpini, fundo la kukaza. Kisha akasimama juu ya mkeka, na viatu vyake vya kutokea, mikono nyuma.

"Kuna kesi moja imebaki," alisema.

Kaka alimwomba asifanye hivyo. Mama alisema yeye ni mshtakiwa na hana mwendesha mashtaka, kwa hiyo atajisomea mwenyewe. Kwamba alipanda kigoda. Kwamba alianguka. Kwamba aliwatia watoto wake hofu mpaka mkubwa hapati usingizi. Makosa yote anayakiri. Hapo sauti yake ikabadilika, haikuwa tena ya mahakamani.

"Chumba chako ni kizuri, mwanangu, na mkeo ni mtu mwema. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu kwako utanipa nini, na jembe umenikataza?"

"Na ukianguka tena?" Kaka alisema. Alilisema polepole. "Mama, ulikaa chini asubuhi nzima. Na mimi nilikuwa ghalani nahesabu mifuko."

Lile ndilo lililokuwa linamtafuna siku zote, na sisi tulikuwa tunamcheka. Mama alitaka kumwendea, lakini alikumbuka kwamba mshtakiwa haruhusiwi kutoka kwenye mkeka. Alibaki pale pale.

"Naomba iahirishwe," alisema.

Kaka aligeuka kwa dereva, kwa kukata tamaa nadhani, akamuuliza kama mzee wa baraza, yule anayekaa kando ya hakimu kutoa maoni, yeye anaonaje. Dereva alitazama pikapu yake tupu, akatazama sanduku, akasema kwa kazi yake amejifunza kwamba mzigo uliofungwa uzi haupakiwi. Dada alivua barakoa akapenga kamasi. Mimi nilitazama chini kwa sababu nilijua Kaka akinitazama nitalia, na mtuhumiwa wa pazia hana majuto.

Kaka aliipiga kengele. Aliipiga kidogo tu, lakini ilikuwa sauti ile ile, na kuku wa Mama waliokuwa uani walikimbia kama waliokuwa wanaijua. Alitangaza kwamba kesi imeahirishwa mpaka baada ya mavuno, na mshtakiwa yuko nje kwa dhamana. Masharti ni kwamba hapandi kigoda, kiti, wala kitu chochote chenye miguu, simu inakaa na chaji na inakaa shingoni, na jirani anapita kila asubuhi, awe na chumvi asiwe na chumvi. Mama alitaka kulipinga lile la simu shingoni. Kengele ikalia tena. Akanyamaza, na mimi sijawahi kumwona mtu akinyamaza kwa furaha vile.

Nani atamdhamini, Kaka aliuliza, na Dada na mimi tuliinua mikono pamoja. Kaka akasema wadhamini wenyewe wana rekodi, lakini mahakama haina jinsi.

Yeye mwenyewe ndiye aliyelibeba lile sanduku. Alilipeleka stoo, akaliweka pale lilipokuwa gurudumu, akafunga mlango. Gauni la kutokea lilikuwa ndilo pekee lililobaki nje, kwa hiyo Mama alifunga khanga juu yake akaingia jikoni. Dereva aliambiwa mzigo haupo lakini chakula kipo, na hakuonekana kuumia.

Tulipokuwa tunapanga viti tulisikia nyundo. Mama alitoka mbio kadiri miguu yake ilivyomruhusu, na sisi nyuma yake. Kaka alikuwa jikoni na koti la Baba mwilini. Alikuwa ameung'oa ule msumari wa Baba, na sasa alikuwa anaupiga upya, chini, usawa wa bega la Mama. Alipomaliza aliutundika ungo, akarudi hatua moja nyuma, akautazama.

Mama naye aliutazama. Alisema msumari umepinda.

"Hilo," Kaka alisema, akitia nyundo mfukoni, "litasikilizwa Jumamosi ijayo."